Nilizuia fomu ya chuo ya binti yangu ili atubu kosa la kuuliza swali

Bwana asifiwe wakuu, na ndugu zangu Waislamu, amani iwe kwenu. Namshukuru Mungu kwa umri alionipa, hata kwa haya ninayoeleza. Sitaongeza neno.

Mimi ni mzee wa kanisa hapa Ihanja, mkulima wa alizeti. Binti yangu Yunisi alimaliza kidato cha sita, akapata nafasi chuo cha ualimu cha kanisa.

Fomu ilitaka sahihi ya mzee wa kanisa, kwamba mwombaji ana mwenendo mwema. Mzee mwenyewe ni mimi.

Wiki hiyo kukawa na semina ya vijana. Mwinjilisti akafundisha kwamba mwanamke hupokea neno, hahoji.

Yunisi akanyoosha mkono. "Mwinjilisti, Mariamu alipomuuliza malaika itawezekanaje, naye alikosea?"

Vijana wakacheka. Mwinjilisti hakucheka.

Baraza la wazee likamtenga mpaka arudi kundini. Kwa wasiojua: unasimama mbele ya usharika Jumapili, unataja dhambi yako, unaombewa, yameisha. Tulizoea kuwasimamisha walevi na waliozaa nje ya ndoa. Kwa swali, hatukuwahi.

Mzee mwenzangu akanitania, "Umesomesha binti, sasa anatusomesha sisi!"

Aibu ikanishika. Nikaunga mkono atengwe.

Nyumbani nikamwambia, "Mama, simama dakika mbili tu, nikusainie."

"Baba, nitaje dhambi gani?"

"Taja yoyote."

"Basi nitakuwa nimemdanganya Mungu madhabahuni. Na hiyo nitaitubia lini?"

Nikaikalia fomu nikisema atalegea. Hakulegea. Siku ya mwisho ikapita, nafasi akapewa mwingine. Leo anashona nguo hapa nyumbani.

Siku hizi maandishi madogo ya Biblia yananishinda, hunisomea yeye. Anasoma vizuri, bila haraka.

Juzi nikamuuliza, "Mama, hapo wewe unaelewaje?"

"Mimi nasoma tu, baba."

Akafunga kitabu, akaenda kuwasha moto.

Wakuu, baraza halikunizuia kusaini. Niliogopa kuchekwa na wazee wenzangu, nikaiita hofu hiyo uchaji. Wewe mwenye fomu ya binti nyumbani, saini leo.

Mliopitia haya, hasa mabinti, semeni hapa chini. Hata mkinilaumu, nitasikiliza.

Mungu awabariki nyote msomao, na awajalie watoto wanaothubutu kuwauliza.