Randa ya Wageni

Swali lililoninyima usingizi wiki ile lilikuwa fupi: je, kama ni mimi niliyekosea?

Nilikuwa nasomea ualimu wa usanifu na teknolojia, na chuo kilikuwa kimenipeleka kwenye shule moja ya Magogoni kufanya mazoezi ya kufundisha. Nilipewa somo la ufundi, gredi ya nane. Kwetu ni Chaani. Baba alitoka bara kuja kufanya kazi bandarini, mimi nikazaliwa hapa hapa Mombasa. Lakini mwalimu wa ufundi aliyekabidhiwa kunilea alinisikia nikimwamkia mara moja tu, akaamua mimi ni mgeni.

"Shikamoo, mwalimu."

Alinikagua kichwani hadi viatuni, nikajiuliza kama nimeitamka vibaya. "Marahaba," akasema mwishowe, huku akiwatazama walimu wenzake ofisini. "Ndio hawa tunaoletewa siku hizi. Kiswahili cha bara, mikono ya kushikia simu. Ati watafundisha watoto kupiga randa!"

Walimu wakacheka. Nami nikacheka, kisha jioni nzima nikajilaumu kwa kucheka.

Simpendi mtu yule mpaka leo. Nimeshahitimu na sina haja tena ya kujifanya nampenda.

Karakana yake ilikuwa chumba kisafi kuliko vyote shuleni, na hilo peke yake lingetosha kunishtua. Hapakuwa na unga wa mbao hata kwenye pembe za dirisha. Jiliwa la kubania mbao mezani lilikuwa limepakwa rangi mara nyingi hadi halifunguki. Vifaa vilikaa ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, na ufunguo aliuvaa shingoni: misumeno, patasi, nyundo, na randa moja kubwa ya chuma ya kulainishia mbao, vyote vikiwa vimepakwa mafuta. Vilitolewa wakija wakaguzi tu. Siku hiyo vilipangwa juu ya kitambaa cheupe, kama mama anavyotoa kwenye kabati la vioo zile sahani za wageni ambazo wanawe mwenyewe hawajawahi kulia. Wageni wakiondoka, vinafutwa alama za vidole na kufungiwa tena.

Wanafunzi walijifunza kwa kuchora. Walikuwa wachoraji hodari, sikatai. Walitia kivuli kwenye mpini, walipiga mistari ya kutaja kila sehemu, lakini hakuna aliyewahi kukwangua hata ubao wa sanduku.

"Mwalimu, randa yetu ni kama ile biriani iliyochorwa ukutani mkahawani," msichana mmoja wa safu ya mbele aliniambia. "Unaijua mpaka viazi vyake. Kula, hujala."

Nilikuwa nimeinama kutazama mchoro wake nilipoona kasoro. Kisu cha randa, kile chuma kinachokata, hunolewa mshazari upande mmoja, na kwenye randa kubwa upande huo hutazama chini. Yeye alichora ukitazama juu. Nikaangalia wa jirani yake. Vilevile. Nikazunguka darasa zima, na kila randa niliyoikuta ilikuwa na kisu kilichopinduliwa.

Niliomba nionyeshwe randa yenyewe. Mwalimu alifungua kabati, akasimama karibu yangu kama mlinzi wa benki. Kisu kilikuwa kimepinduliwa kweli. Bila shaka kuna siku kilitolewa ili kipakwe mafuta, kikarudishwa vibaya, na kwa kuwa randa ile haikuwahi kugusa mbao, hapakuwa na wa kugundua. Wakaguzi walisifu jinsi inavyong'aa. Watoto waliichora siku hizo za ukaguzi kama ilivyo, na wadogo zao wakaja wakaichora hivyo hivyo.

Mtu mwingine angefurahi kuona alilogundua. Mimi nilianza kujishuku. Ziko randa ndogo ambazo visu vyake hukaa hivyo kweli. Hii ilikuwa kubwa, lakini kubwa kiasi gani? Kama chuo ndicho kilichonifundisha vibaya? Usiku ule nyumbani nilisimama jikoni nikisukuma hewa juu ya meza, mbele, nyuma, nikijaribu kukumbuka kwa viganja, hadi mama akaniuliza kama nina homa.

Siku ya pili nilimwendea mwalimu wangu akiwa peke yake, nisimwaibishe.

"Samahani, mwalimu. Kisu cha ile randa, naona kama kimepinduliwa."

Hakuinua macho kwenye chai. "Kimepinduliwa na nani?"

"Sijui, mwalimu."

"Hujui." Akanywa. "Kisu hicho kimekaa hivyo kabla wewe hujajua kufunga viatu. Wakaguzi wamekiona, wamekisifu. Umekuja wewe, umekitia ila. Sasa sikiliza, binti. Alhamisi yuaja mtahini wako wa chuoni. Utafundisha sehemu za randa, ubaoni, kama watoto wanavyozijua. Kifaa kitakaa mezani. Usikiguse. Na ripoti yako, usisahau, naiandika mimi."

Ripoti mbaya maana yake ningerudia mazoezi mwaka uliofuata, na baba alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba binti yake anamaliza. Ninyamaze, basi, nipite, halafu niwafundishe wengine ukweli mahali pengine. Hesabu hiyo niliipenda. Hata hivyo, nilitia mkobani kipande cha mbao laini na kukibeba kila asubuhi, nikijiambia kwamba sijaamua lolote.

Alhamisi, mtahini alikaa nyuma, mwalimu wangu kando yake. Nilichora mwili wa randa, mpini, kirungu cha mbele. Nikafika kwenye kisu, chaki ikasimama. Niligeuka. Kalamu zote zilikuwa zimeinuliwa, zikingoja. Wangenakili chochote ambacho ningechora. Chochote kile.

Nikaweka chaki chini, nikainua randa kutoka kwenye kitambaa.

"Binti," sauti ilitoka nyuma, ya upole wa kutisha.

Nililegeza kibanio, nikatoa kisu, nikakigeuza, nikakirudisha. Jiliwa halikufunguka, kwa hiyo nilitoa mbao yangu mkobani, nikailaza mezani ncha yake ikigota ukutani, nikasukuma. Randa ikakwama. Mvulana mmoja akaguna, "Ile biriani ni ya rangi tu!" na darasa zima likaangua kicheko. Nilipandisha kisu kidogo kisichimbe sana, nikasukuma tena. Utepe mwembamba wa mbao ukatoka, ukajikunja, ukadondoka kwenye sakafu ile safi. Kicheko kikakatika.

"Njoo," nikamwambia msichana wa mbele.

Alitazama nyuma kwanza. Mwalimu wangu alikuwa amesimama, ufunguo ukining'inia kifuani. "Weka chini kifaa hicho! Kikiharibika utajibu wewe!"

"Nitajibu, mwalimu," nikasema. Nikaishika mikono ya yule msichana, mmoja nikauweka kwenye mpini, mwingine kwenye kirungu.

"Sukuma," nikamwambia.