Mstari Mwembamba Kwenye Ramani

Nakumbuka Ijumaa moja kule Riyadh nilipotaka kuendesha baiskeli kama Mwingereza. Usicheke mapema, mwanangu. Ngoja ufike kwenye ngamia.

Ilikuwa miaka ile Wakenya tulipokuwa tukimiminika Saudia kwa mikataba. Mimi nilipata kazi ya maabara katika hospitali moja karibu na Al-Malqa, na nilikuwa bado kwenye miezi mitatu ya majaribio. Ukichelewa zamu mara moja tu, halas, unarudishwa kwenu Voi na sanduku lako. Msimamizi wetu, Mwingereza mpole, alipenda baiskeli kuliko chakula. Alinisimulia barabara za mashambani kwao: nyembamba, tulivu, zenye ua wa majani huku na huku, unapishana na kondoo tu. Siri ya kuzipata, alisema, ni kutazama ramani na kufuata mstari mwembamba kuliko yote.

Basi nikanunua baiskeli ya mtumba, nikachapisha ramani kwa mashine ya ofisi, nikauona mstari wangu ukielekea kaskazini.

Asubuhi ile, zamu yangu ikiwa saa nane mchana, nilimkuta mlangoni Mzee Athmani, dereva kutoka Mombasa niliyekaa naye nyumba moja. Alikuwa ameendesha gari nchi ile miaka ishirini.

"Wenda wapi, mwanangu?"

"Usijali, mzee. Nina ramani."

Aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akarudi kwenye chai yake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami hata nafasi ya kusema sikumpa huyo mkuu.

Utulivu niliupata, sikatai. Saa nzima sikuona gari. Kisha lami ikaisha ghafla, ukabaki mchanga, na mimi kwa ukaidi nikaendelea kusukuma baiskeli mpaka maji yakaniishia. Kondoo sikuwaona. Waliokuwepo ni ngamia sita, na mmoja wao, jike mwenye kope ndefu kuliko za bi harusi, alinijia taratibu, akaichukua ramani mkononi mwangu na kuila yote. Nilimfokea, "Yalla! Yalla!" Hakujali. Labda alijua ikama yangu, kile kibali cha kuishi nchini, bado haijatoka.

Nilicheka, kisha nikaogopa kwelikweli. Jua lilikuwa kali, koo limekauka, na saa nane inakuja. Nikameza kiburi, nikampigia Mzee Athmani.

"Waona nini hapo ulipo?"

"Ngamia, mzee."

"Wa rangi gani?"

"Weusi."

"Nawajua. Kaa papo hapo, kwenye kivuli cha yule mkubwa."

Saa saba kasorobo akatokea na pikapu. Alinipa maji kwanza, akaningoja nimalize na kumsimulia habari za msimamizi wangu, ndipo akasema, "Njia ya huyo Mwingereza ni kimya kwa sababu watu wake wako ndani wanakunywa chai. Hii yako ni kimya kwa sababu haimfikishi mtu popote. Kuuliza kulikushinda nini?"

Niliingia zamuni zikisalia dakika tano, nikinuka ngamia, na mchanga masikioni. Kazi ikapona.

Kesho yake mwenzetu mmoja tuliyekaa naye nyumba ile akanieleza. Nilipopiga simu, mzee alikuwa ameshaoga, amevaa kanzu, mguu mmoja umeshaingia msikitini. Ndiyo Ijumaa ya kwanza aliyoikosa tangu afike nchi ile. Niliona haya hadi nikashindwa kula. Nikaenda kumwomba radhi.

"Mungu alijua nilipo," akanijibu. "Asiyejua alipo alikuwa wewe."

Mwanangu, njia ikiwa kimya, uliza kwanza kwa nini. Maarifa ya mgeni yachukue, ni mazuri, lakini yapimie kwenye udongo unaoukanyaga. Na usimpite mlangoni mtu aliyetangulia kufika ukamwambia unayo ramani, kwa maana siku ukipotea ni yeye atakayeacha ibada yake kuja kukutafuta. Mungu akunyooshee njia zako, akuzidishie maji safarini, na mzee wako asichoke kupokea simu. Amina.