Chupa ya Mvua ya Mzenga

Mimi si mwalimu. Nafunga maboksi katika kiwanda kimoja Zegereni, lakini kwa mambo ya mvua, hapa nyumbani Misugusugu hakuna anayeniweza. Na binti yangu wa miaka tisa tulianza na kikombe cha bati. Nikakitia barafu, nje kikatoa jasho, akasema kinavuja. Nikakifuta, kikalowa tena. Nilipomwambia kuwa maji yale yametoka hewani, hakuamini mpaka alipokifuta mwenyewe mara tatu.

Kisha tukatengeneza kipimo cha mvua. Tulikata shingo ya chupa ya maji, tukaigeuza iingie ndani kama faneli. Chini tukaweka kokoto ili upepo usiiangushe, tukamimina maji yafunike kokoto, hapo ndipo sifuri. Juu yake tukachora mistari kwa rula. Ilitoka nzuri sana, na sioni haya kujisifu.

Ya pili tulimtengenezea mama yangu, anayelima Mzenga, upande wa Kisarawe. Vuli iliyopita alipanda mara tu mvua ya kwanza iliponyesha, jua likarudi na miche yote ikaungua. Safari hii mbegu aliyobakiwa nayo ni fungu moja la mahindi, limening'inia juu ya meko lipate moshi, wadudu wasiliguse. Likipotea hilo, hana jingine. Nikampelekea chupa, nikamwambia akinge nayo mvua, asidondoshe punje hata moja ardhini mpaka maji yafike mstari wa tatu.

Siku ya tano akapiga simu.

"Mwanangu, chupa yako imejaa mpaka inamwagika. Nipande?"

"Panda, mama," nikamjibu. Sikuuliza swali hata moja.

Jumamosi tukaenda kumsaidia. Tulimkuta shambani na jembe, nusu ya mahindi keshayafukia. Binti yangu akamwamkia bibi yake, akakimbilia uani kuitazama chupa. Akarudi polepole.

"Mama, chupa iko pamoja na ndoo."

Nikaenda kuona. Ndoo tatu, sufuria, na chupa yetu, vyote vimepangwa mstari mmoja chini ya ukingo wa bati. Maji ya paa zima yalikuwa yanaingia humo. Nikachimbua udongo shambani kwa kidole. Juu unyevu, chini vumbi tupu.

"Mama, simama kwanza," nikasema. "Chupa ilitakiwa ikae mahali pa wazi."

Mama akaegemea jembe. "Uliniambia nikinge mvua. Hapa mvua tunaikinga wapi, kama si batini?"

Mimi mwenyewe nimekua nikitega ndoo palepale, kila mvua, na bado nilisahau kumwambia. Kosa lilikuwa langu na nililisema. Aliyopanda baadaye yaliota, yakanyauka, na hilo liliniuma kuliko alivyojua. Yaliyobaki, siku ileile alimkabidhi binti yangu ayarudishe juu ya meko.

"Wewe ndiye utakayeniambia lini," alimwambia. "Mama yako tumpumzishe."

Tukaipeleka chupa katikati ya uwanja, tukaizungushia mawe. Tangu siku ile mama akipiga simu, salamu zangu ni fupi, kisha anamtaka mjukuu wake. Mara mbili nilimsikia binti yangu akisema, "Bado, bibi." Mara ya tatu nilikuwa napika, akaiweka simu mezani, spika imewashwa.

"Imepita mstari wa tatu, mjukuu wangu," mama alisema.

Nilikuwa na la kusema, nikalimeza.

"Bibi, uko wapi sasa hivi?"

"Nimesimama hapa penye chupa."

"Tazama juu. Unaona nini?"

"Mawingu tu. Bati halipo."

"Haya, bibi. Panda."