Mzee Aliyemsimulia Mkewe Filamu ya Ndege

Juzi, nikisubiri gari la Handeni, niliketi kwenye mgahawa wa stendi ya Korogwe. Runinga ilikuwa ikionyesha filamu ya kuchekesha, wazungu wanashindana kutafuta ndege adimu. Hakuna aliyeijali, isipokuwa mzee mmoja aliyekuwa akimsimulia mkewe, mama asiyeona.

"Yule mnene kapanda mti. Mwenzake anautikisa, ili ndege aruke, mnene asimwone."

"Huyo ana roho mbaya," mama akasema.

Pole pole tukaacha kula, tukamsikiliza mzee. Mwenye mgahawa akapunguza sauti ya runinga. Kondakta akaja kuwaita mzee na mkewe, gari lao la Bungu linaondoka.

"Mwanangu, tuvumilie kidogo," mzee akamwambia. "Ndege hajaonekana, na mwenzangu hatalala."

Kondakta akavuta kiti.

Hatimaye ndege akatokea.

"Yukoje?" mama akauliza.

Mzee alisogea karibu na runinga, akamtazama ndege vizuri. Angeweza kumpamba kwa maneno.

"Mdogo, wa kahawia. Kama shomoro."

"Watu wazima wote wale, kwa shomoro?" Mama akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio, nasi tukacheka naye.

Filamu ile niliitazama kwa macho yangu mawili, lakini ukiniuliza ilihusu nini, nitakujibu kwa maneno ya yule mzee.