Sarafu ya Vichwa Viwili Kwenye Meza ya Bi Mlio

Saa mbili asubuhi, na Bi Mlio ameshakifuta kioo cha meza yake mara tatu. Kioo kinang'aa hadi kinaumiza macho. Bado anakifuta.

Meza hiyo iko kwenye kona ya duka la fundi saa, mdogo wa marehemu mume wake. Juu yake kuna mizani ya sonara, lenzi na kitambaa cheusi. Watu humletea sarafu za ajabu: iliyopigwa chapa upogo, iliyomegeka ukingo, ya shaba iliyoamka siku moja ikiwa nyeupe. Yeye huwaambia kama ni kosa la kiwandani, ambalo wakusanyaji wa sarafu hulinunua kwa bei ya kukutoa jasho, au ni ujanja wa mtu mwenye tupa na muda wa kupoteza.

"Nyingi ni ujanja," anasema. "Kiwanda hukosea mara chache. Binadamu ndiye hachoki."

Kwa kila sarafu hulipwa bei ya mikate miwili, ampe mteja furaha au msiba. Karibu nusu ya kipato chake humezwa na kodi ya kona hiyo. Na leo mwenye nyumba anakuja, mkononi ana sarafu.

Wapangaji humwita Kufuli, bila shaka akiwa mbali. Hagombani na mtu. Ukimuudhi, kesho yake unakuta kufuli jipya mlangoni na vifaa vyako vyote ndani. Fundi viatu wa chumba cha pili yalimkuta mwaka jana, na mpaka sasa anashona viatu barazani kwa sindano za kuazima.

Sarafu ya Kufuli ina kichwa pande zote mbili. Ameinunua kwa mpita njia kwa bei ya ng'ombe wa maziwa, na mteja wa kuiuzia amekwishampata. Kilichobaki ni karatasi ya Bi Mlio iliyoandikwa "kosa la kiwandani", maana wanunuzi huiamini saini yake. Jana alituma ujumbe kwamba atapita kuichukua, utadhani imeshaandikwa.

Fundi saa amejaribu kuleta mzaha, ukadoda. "Shemeji, leo hata ikilia kama kopo, wewe sikia kengele."

Tatizo ni huo mlio wenyewe, uliompa jina. Bi Mlio haandiki neno kabla ya kuidondosha sarafu juu ya kioo, mwenye sarafu akisikia. Utaratibu huo aliuanza baada ya kubadilisha cherehani yake kwa sarafu "ya fedha" iliyoanza kubambuka mfukoni kabla mwezi haujaisha. "Nililia hadi majirani wakaja kunipa pole," anakumbuka. "Walidhani nimefiwa mara ya pili."

Kufuli anaingia. Anakaribishwa kiti, hakai. Anauliza karatasi iko wapi.

Bi Mlio anaipokea sarafu na kuiweka kwenye mizani. Uzito umepungua kidogo. Anashika lenzi, na hapo anakiona alichokuwa akikiogopa: ndani ya ukingo kuna mstari mwembamba kama unywele, unaozunguka mpaka unakutana na mwanzo wake. Mtu amechimba sarafu moja ikawa kama sahani, akapachika ndani yake uso wa nyingine.

Mstari huo ameuona yeye peke yake. Angeweza kunyamaza. Lakini mlio watausikia wote, hata wateja wawili wanaosubiri saa zao.

"Andika tu, mama," anasema Kufuli kwa upole unaotisha. "Una mwandiko mzuri."

"Sijaidondosha, mzee."

Anaiachia. Sarafu inasema *tap*, kama kifungo cha shati, na kunyamaza. Fundi saa anainamia kazi yake kama mtu anayetafuta pa kujificha ndani ya saa.

"Kioo chako kimepasuka," anasema Kufuli.

Bi Mlio anatoa sarafu ya kawaida kwenye pochi yake na kumpa. Kufuli anaidondosha; inalia kwa sauti nyembamba, inayochelewa kuisha. Anadondosha ya kwake. *Tap*. Anairudia taratibu, kama anayembembeleza mtoto mwenye aibu aseme. *Tap*.

Anaitia mfukoni. "Ungeniambia pembeni."

"Ningekuita pembeni, mzee, ungenibembeleza hukohuko pembeni," anajibu Bi Mlio. "Na mimi nina njaa."

Kufuli anageuka. Akitoka, anasimama mlangoni, anatia mkono kwenye kufuli linaloning'inia, analipima uzito, kisha anaondoka.

Siku nzima kila kivuli kinachopita mlangoni kinamkatisha Bi Mlio maneno. Ndoto yake ni chumba chake mwenyewe, hata kiwe cha mabati, na lenzi kubwa yenye taa. Kwa sasa mpango wake ni mdogo zaidi: jioni hii, kwa mara ya kwanza, mizani na lenzi vinarudi naye nyumbani ndani ya kikapu.

"Kioo nitapata popote," anasema. "Hata barazani, kando ya fundi viatu. Sarafu haibadilishi sauti kwa sababu mimi nimekaa chini."

Shemeji yake anatangulia nje. Bi Mlio anafunga mlango, anaingiza ufunguo kwenye kufuli, anafunga. Kisha anafungua tena na kufunga upya, kuhakikisha kwamba mpaka sasa ufunguo wake bado unakubali.