Nyekundu ya Bibi Zaina

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo masikio yananiwaka. Nilikuwa kijana wa steshenari pale Korogwe, fundi wa kupanga vitabu kwa kompyuta, na kichwa changu kilikuwa kikubwa kuliko ufundi wenyewe.

Bibi Zaina wa Dindira aliniletea daftari lake la miti dawa. Miti ya kunywa aliiandika kwa wino mweusi, ya kuchua tu kwa wino mwekundu, basi. Nikampangia kitabu, kisha programu ileile ikakigeuza kuwa ukurasa wa mtandao. Kwenye kompyuta yangu wekundu uliiva kama pilipili. Nikautia ukurasa kwenye flashi, nikaupeleka Handeni kwa rafiki yangu mwenye tovuti.

Siku ya tatu Bibi akaingia dukani bila hodi. Binti yake wa Handeni alikuwa ameshachemsha majani ya kuchua ili amnyweshe mtoto mwenye kikohozi, kwa sababu kwenye simu yake miti yote ilikuwa myeusi. Kwa bahati nzuri alimpigia mama yake kwanza kuuliza kipimo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nyekundu yangu umeipeleka wapi?"

Niliogopa, sikufichi. Nikampigia rafiki yangu aufunge ukurasa mara moja. Halafu nikaanza kupapasa: nikabadilisha jina la rangi, nikabadilisha aina ya herufi, nikaiweka programu upya. Haraka haraka haina baraka, lakini nani huwakumbuka wahenga akiwa anatoka jasho?

Bibi akanitazama weee, akasema, "Mjukuu wangu, chai ikiharibika ukabadilisha maji, majani na sufuria kwa pamoja, utajuaje kilichoiharibu? Gusa kimoja, uonje."

Nikaona haya. Nikatengeneza ukurasa wa neno moja tu, jekundu. Kwangu likatokea jekundu. Nikalihamishia kwenye simu ya Bibi, likawa jeusi! Hapo udadisi ukanishika hata hofu ikapungua. Nikaufungua ukurasa ndani, nisome programu imeandika nini hasa. Kumbe neno halikubeba rangi, lilibeba jina la rangi tu. Maelezo kwamba jina lile lionekane jekundu yalikaa kwenye faili la pili, la mitindo, nami sikuwahi kulipeleka popote. Nikahamisha yote mawili, wekundu ukarudi.

Nilicheka kwa furaha. Bibi hakucheka.

"Na asiyeona rangi vizuri? Andika USINYWE kwenye kila mti wa kuchua."

"Lakini Bibi, hata daftarini hukuandika."

Akakubali. "Sikuandika. Nilidhani macho ya watu wote ni kama yangu."

Basi mwanangu, kazi ikikuharibikia usiikurupukie. Ifanye ndogo, gusa kimoja kimoja, fungua usome kilichomo. Kuuliza si ujinga. Ukimpelekea mwenzio kitu, kikague kikiwa mkononi mwake. Na onyo la uhai liseme kwa maneno. Mungu akupe jicho la kudadisi na mkono usio na pupa, na asiumie mtoto wa mtu kwa kazi yako.