Kanda Iliyomkata Kyalo

Nakumbuka Jumamosi moja, nikiwa msichana niliyeanza kazi juzijuzi tu, Baba aliponiambia nivae viatu nimsindikize dukani kutafuta filamu. Keti kwanza, mwanangu. Umenionyesha kwenye simu yako matoleo matatu ya filamu moja ya zamani, ukaniuliza ni lipi bora ununue. Jibu langu ni refu kidogo, na halina furaha nyingi.

Kaka yangu Kyalo alikuwa kifungua mimba wa mama yetu. Wageni walipokuja kupiga filamu kule kwetu Ukambani, walimwajiri kubeba vifaa vyao. Mkubwa wao akaipenda sauti yake, akampa maneno ya kusema mbele ya kamera. Katika filamu hiyo anasimama kando ya mto, anamwambia mwindaji, "Bwana, mto huu haurudishi kitu," kisha anacheka. Ni hayo tu. Lakini filamu ilipoonyeshwa katika sinema moja hapa mjini, Mama aliketi karibu na Kyalo na kumshika mkono mpaka taa zikawashwa. Watu wa viti vya nyuma walimpigia makofi.

Mwaka uliofuata, lori alilokuwa amepanda lilipinduka kwenye barabara ya Machakos. Tukamzika nyumbani. Picha tuliyobaki nayo ni ile ya kitambulisho, amekunja uso kama mtu aliyepelekwa mahakamani. Kyalo hakuwa hivyo. Ukimtazama pale ungedhani ni mtu mwingine.

Miaka ikaenda. Tulikuwa tukiishi Ngara, hapa mjini, Baba akiwa karani wa serikali, nami nimepata kazi katika ofisi moja Hurlingham. Mama akaanza kugonga viti na kumwaga chai nje ya kikombe. Daktari akasema ni presha ya macho, imegunduliwa kwa kuchelewa, haina tiba ya kurudisha kilichopotea. Akamshauri kwamba kama kuna jambo anatamani kuliona, alione upesi. Mama hakulia. Tukiwa njiani kurudi alisema kwamba angependa kumwona Kyalo akicheka, mara moja tu, kabla giza halijamfunika.

Siku zile filamu ziliuzwa kwenye kanda, na kila mtaa ulikuwa na duka lake la video. La Ngara lilikuwa la Mwangi, mtu mpole aliyejua kila kilichokuwa kwenye rafu zake. Alipotajiwa filamu yetu alitoa kanda mbili. Ya kwanza ilikuwa na jalada linalong'aa, na nyuma yake imeandikwa kwamba picha inajaza televisheni yote. Ya pili ilikuwa na jalada la kijivu lisilovutia.

"Mzee, hii ya pili ina mistari mipana myeusi juu na chini," Mwangi alisema. "Watu huirudisha wakidhani ni mbovu."

Baba alitaka kuziona. Mwangi akaingiza ile ya kijivu kwenye deki yake, na kweli picha ilikuwa nyembamba, watu wadogo kama sisimizi. Baba akatikisa kichwa. Alimfafanulia Mwangi polepole, kama alivyofafanua kila jambo, kwamba mke wake anaona kwa shida, kwa hiyo anahitaji picha kubwa, na haoni sababu ya kununua mistari myeusi. Maneno yake yalikuwa na akili. Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, lakini nani angemwambia mume asimtafutie mkewe picha kubwa? Tukaondoka na ile ya jalada linalong'aa.

Jumapili baada ya kanisa tulimkalisha Mama karibu kabisa na televisheni. Alikuwa amevaa kitambaa kipya cha kichwa. Sehemu ya mto ilipokaribia alijua kwa muziki, akainua mkono tunyamaze. Mwindaji akatokea, mkubwa, amejaa kioo chote. Kisha tukasikia sauti ya Kyalo. Ilikuwa yake kabisa, na kicheko kikafuata.

"Namsikia," Mama alisema. "Mbona hayupo?"

Baba akarudisha kanda nyuma. Sauti ikaja tena, na mwindaji akaonekana peke yake akiongea na hewa. Pembeni kabisa mwa kioo kulikuwa na kitu cheusi kinachotikisika. Kilikuwa ni kiwiko cha kaka yangu. Baba akarudisha tena, na tena. Mama akasogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo, akapapasa ukingo wa televisheni kwa vidole, kana kwamba mwanawe amejificha nyuma ya mbao.

Mwanangu, jambo lenyewe ni hili. Filamu ile ilipigwa kwa upana wa sinema, na televisheni za wakati ule zilikuwa za mraba. Ili wajaze kioo, watengenezaji wa kanda walikata pande zote mbili za picha. Kyalo alikuwa amesimama pembeni. Ile mistari myeusi aliyoikataa Baba ndiyo iliyokuwa imempa kaka yangu mahali pa kusimama.

Jumatatu Baba hakwenda kazini. Alikwenda kwa Mwangi, akakuta kanda ya kijivu imenunuliwa na mgeni aliyekuwa akihama nchi. Tukaanza kutafuta. Nilipita katika maduka yote ya video ya Hurlingham, Baba akazunguka mjini, tukawaomba jamaa walio ng'ambo. Kila nilipofungua mlango nikirudi, Mama aliniuliza kwa uso tu, nami nikajifanya sijaona. Hatimaye mwenzangu wa ofisini akatuelekeza kwa mhadhiri mstaafu huko Loresho, aliyekuwa na kanda kama ile ya kijivu, akaitoa kwa moyo mweupe. Lakini masika yalikuwa yamekuja yakapita, na Mama sasa alijua tu kama kumekucha au kumekuchwa.

Tuliiweka hata hivyo. Na Kyalo alikuwepo, mzima, shati limefunguka kifuani, ameegemea mti kando ya maji.

"Yupo, Mama Kyalo," Baba alisema.

Mama akaniuliza amevaa nini, nami nikamweleza. Akauliza kama anacheka. Nikasema anacheka, na meno yake yote yanaonekana. Nilidhani nimemfariji, nikamwambia, "Sasa umemwona, Mama."

"Hapana," alisema. "Nyinyi ndio mmemwona."

Baba aliomba msamaha siku ile na siku nyingi baadaye. Mama alimjibu kwamba hakuna kosa, alitaka kumpa picha kubwa. Hata hivyo Baba hakuchagua tena kitu chochote peke yake, hata shati, mpaka tulipomzika. Mama aliishi miaka mingi baada yake, ndani ya giza lake.

Basi sikiliza. Usichague toleo kwa jalada, wala kwa sababu linajaza skrini yako. Uliza picha ilipigwa kwa upana gani, na kama upana huo umeachwa. Tazama urefu wake, maana wapo wanaokata vipande wakanyamaza. Sauti ya asili iwepo, hata kama ina mikwaruzo. Siku hizi kuna mashine zinazosugua nyuso za watu mpaka ziwe kama nta; hilo nalo ni kumfuta mtu. Na ukilipata toleo zuri, lichukue siku hiyohiyo, uwaite wanaolingoja. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe jicho la kupambanua na moyo wa kuuliza kabla ya kuamua. Nyumba yako isikose sauti za waliokutangulia, na utakaotazama nao awaweke hai mpaka filamu iishe.